Redio ya CB ndani ya lori Marekani: sheria inakubana wapi

Madereva wenzangu, naandika somo hili kuhusu CB, redio ya masafa mafupi tunayozungumzia barabarani, kwa sababu kila wiki naulizwa swali lilelile: askari akiikuta redio, ataichukua?

1. CB haihitaji leseni, lakini lazima iwe imethibitishwa na FCC, yaani Tume ya Mawasiliano. Tazama lebo iliyobandikwa nyuma yake.

2. Tumia chaneli 40 zilizotengwa, na chaneli ya 9 waachie wenye dharura.

3. Usizidishe nguvu. Kikomo ni wati 4 kwa AM na FM, na wati 12 kwa SSB, yaani urushaji unaotumia upande mmoja tu wa wimbi. Hapa ndipo nilipokosea mimi. Fundi wa kituo cha malori aliniahidi kwamba redio itasikika mbali, nikamwachia nikaenda kuoga. Niliporudi nilikuta kiboksi cheusi chini ya kiti, waya wake mwekundu umeungwa moja kwa moja kwenye betri. Kilikuwa amplifaya, yaani kifaa cha kuongeza nguvu ya redio, nami nilitembea nacho miezi mitatu hadi dereva aliyekuwa nyuma yangu aliponiambia kwamba naziba chaneli za jirani. Amplifaya ni marufuku kwenye CB, na redio iliyofunguliwa ikaongezwa nguvu haihesabiwi tena kuwa imethibitishwa. Fundi akimaliza kazi, fuata kila waya kwa mkono wako kabla hujalipa.

4. Maofisa wa FCC wakitaka kuikagua, waonyeshe. Barua ya onyo ijibu ndani ya muda uliotajwa, ukieleza ulichorekebisha.

Maswali ya wanachama

*Amplifaya ndogo tu, ya wati 50, je?*
Hapana. Soma hatua ya 3.

*Askari wa jimbo anapata wapi mamlaka, ikiwa mawimbi ni ya serikali kuu?*
Umeuliza jambo la maana. Sheria ya mwaka 2000 iliruhusu majimbo na miji kupiga marufuku CB isiyothibitishwa, pamoja na urushaji usioidhinishwa kati ya MHz 24 na 35. Lakini kwa lori la biashara, askari lazima awe na sababu za msingi za kuamini kwamba umevunja kanuni hizo. Ukiona jimbo au mji umevuka mipaka yake, unaweza kukata rufaa FCC ndani ya siku 30 tangu uamuzi wake uwe wa mwisho.

*Yangu haifiki hata maili moja.*
Anza na antena, ndugu yangu. Pima SWR, yaani kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena badala ya kurushwa, kwenye chaneli ya 1 na ya 40; ikizidi 2, fungua kibano cha antena ukikwangue mpaka chuma king'ae. Changu kilikuwa na kutu chini ya rangi, na nilipokisafisha nilisikika bila kuongeza hata wati moja.