MGB ikisita unapokanyaga mafuta, angalia oili ya kabureta

Kama una MGB au Midget, yale magari madogo ya zamani ya michezo ya Kiingereza, yenye kabureta za SU (aina ya kabureta yenye pistoni ndani), na inasita kila ukikanyaga mafuta ghafla, usikimbilie kununua plagi. Fungua kifuniko cha juu cha kabureta. Kinatoka pamoja na kijiti chake. Humo ndani lazima kuwe na oili. Ikiisha, pistoni ya kabureta hupanda haraka mno, hewa inazidi petroli, na gari linakosa nguvu pale pale unapolihitaji. Tia oili nyepesi ya injini, SAE 20, kidogo kidogo, mpaka ukirudisha kijiti uhisi kinagoma kushuka kabla kifuniko hakijafika kwenye nyuzi zake za kufungia. Kabureta zikiwa mbili, kagua zote. Moja kavu inatosha kuharibu safari.