Kujifunza Kinanda Ukubwani: Mwongozo kwa Mwanakwaya Asiyewahi Kugusa Kitufe

Mwongozo huu nimemwandikia mtu ninayemfahamu vizuri, kwa sababu wanafunzi wangu wengi wanafanana naye. Ana miaka thelathini na kitu, au amevuka hamsini. Ameimba kwaya tangu ujana, do-re-mi anaisoma bila kusita, lakini kinanda amekuwa akikitazama tu kikipigwa na wengine. Anadhani anaanzia sifuri. Mtoto wa miaka saba anayeanza kinanda hujifunza mambo matatu kwa mpigo: kusikia, kuhesabu mapigo na kutumia vidole. Wewe mawili ya kwanza tayari unayo. Kilichobaki nyuma ni mikono, na mikono ya mtu mzima inafundishika vizuri ila haitaki papara. Kwa hiyo hatua zote hapa chini zinafuata utaratibu mmoja: sikio linatangulia, mkono unafuata.

Kama hujawahi kuimba kwa do-re-mi, fuata hivyo hivyo. Utakaa tu muda mrefu zaidi kwenye hatua ya 3.

Hatua ya 1: Chagua chombo

Piano kamili ina vitufe 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Huvihitaji vyote sasa. Kinanda cha umeme chenye vitufe 61 kitakutosha mwaka wa kwanza na zaidi, alimradi vitufe viwe vya ukubwa wa kawaida (si vile vyembamba vya watoto) na viitikie mguso. Dukani, iwe Kariakoo jijini Dar au Luthuli jijini Nairobi, omba kiwashwe, weka sauti ya piano, kisha bonyeza kitufe kimoja taratibu, halafu kwa nguvu. Sauti isipobadilika, kiache hapo hapo, hata kama kina midundo mia mbili na taa za kila rangi. Kinanda kisichoitikia mguso kinakufundisha kupiga ngumi.

Pesa ikiruhusu, nunua piano ya umeme yenye vitufe 88 vizito. Piano ya mbao simshauri anayeanza, hasa akiishi Tanga, Mombasa au Dar. Mbao hunywa unyevu wa pwani na kutanuka, nyuzi zinahama sauti, na fundi wa kuzirekebisha hapatikani kila mtaa.

Kwa wapenzi wa mtumba: chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani mara nyingi ni cha volti 100. Umeme wa Tanzania ni volti 230, wa Kenya 240. Geuza chombo usome kibandiko cha nyuma kabla hujachomeka chochote. Adapta nayo ni hivyo hivyo. Vinanda vingi vidogo vya Yamaha vinatumia volti 12, na vya Casio kadhaa vinatumia 9.5, na kichwa cha waya kinaweza kuingia sawasawa hata kama volti hazilingani. Angalia pia kale kamchoro kanakoonyesha upande wa chanya na wa hasi.

Kiti: viwiko vyako viwe usawa wa vitufe au juu kidogo. Kiti cha plastiki peke yake huwa kifupi, basi pandanisha viwili. Kupiga kinanda kikiwa kitandani au mapajani hapana, utapinda mgongo na vifundo vya mikono kwa pamoja.

Hatua ya 2: Andaa mikono

Kata kucha. Najua wapo watakaokasirika, lakini kucha ndefu hulaza vidole, na kidole kilicholala hakina nguvu.

Simama, acha mikono ining'inie kando ya mwili, kisha iinue na kuiweka juu ya vitufe bila kubadilisha umbo lake. Ule mkunjo wa asili ndio tunaoutaka. Kitufe unakigusa kwa ncha ya kidole, isipokuwa gumba ambalo hugusa kwa ubavu.

Vidole vina namba, na namba ni zile zile mikono yote miwili: gumba 1, cha shahada 2, cha kati 3, cha pete 4, cha mwisho 5. Zikariri.

Sasa fanya jaribio moja. Weka kiganja mezani, kunja kidole cha 3 kiingie chini ya kiganja, kisha jaribu kuinua cha 4. Hakiinuki, au kinainuka kwa shida sana. Hiyo si dalili ya uzee. Kano za vidole zimeunganishwa nyuma ya kiganja, na cha 4 ndicho kinachofungwa zaidi na wenzake. Nakuonyesha hili mapema ili kidole hicho kikichelewa usijilaumu, wala usikilazimishe kwa nguvu. Vidole vikichoka, pumzika. Ukisikia maumivu kwenye kifundo au mkono wa mbele, acha kwa siku hiyo.

Hatua ya 3: Imba, kisha tafuta

Angalia vitufe vyeusi: vimekaa kwa makundi ya viwili na ya vitatu. Kitufe cheupe kilicho kushoto mwa kundi la viwili ni C. Kilicho kushoto mwa kundi la vitatu ni F. Vyeupe kutoka C kwenda kulia ni C D E F G A B, kisha C tena. Kwenye kinanda cha vitufe 61, C ya tatu kutoka kushoto ndiyo C ya katikati. Kwenye piano ya 88 ni ya nne.

Weka gumba la kulia juu ya C hiyo, na vidole vingine vinne juu ya vitufe vyeupe vinavyofuata. Hapo una d r m f s, kidole kimoja kwa kila nota. Piga *d r m f s f m r d* huku ukiimba kwa sauti. Kwa sauti, si moyoni. Mdomo ukitaja *fa* na kidole kikagusa *mi*, utajua bila kuambiwa.

Ukiisha kuzoea, chukua wimbo unaoujua ambao mstari wake wa kwanza hauvuki nota hizo tano. Uimbe kwanza kwa do-re-mi bila kugusa kinanda, kisha uupige. Fanya hivyo hivyo kwa mkono wa kushoto, ambapo kidole cha 5 ndicho kinachokaa kwenye *do*, oktavu moja chini, yaani C inayofuata upande wa kushoto.

Sasa hamisha *do*. Weka gumba kwenye G, piga *d r m f s*: vitufe vyote vyeupe, inakubali. Weka gumba kwenye F, piga tena vyeupe vitupu. Ukifika *fa* sikio litakataa. Shusha kidole cha 4 kwenye kitufe cheusi kilicho kushoto yake, B flati, na itakaa sawa. Hamia D: safari hii *mi* ndiyo itakayogoma, mpaka upande hadi F shapu, kitufe cheusi kilicho kulia mwa F. Hapa ndipo mwanakwaya anapompita mwanafunzi mwingine yeyote. Wengine wanakariri orodha ya shapu na flati. Wewe sikio lako linakutajia kila moja ilipo. Kaa kwenye hatua hii wiki mbili tatu. Usione haya kwamba bado "hujapiga wimbo mzima".

Neno kuhusu ile batani ya transipozi, inayopandisha au kushusha kinanda kizima huku mikono ikibaki pale pale. Wapigaji wengi wa makanisani wanaishi kwayo: kila wimbo wanaupiga kwa C, kisha batani inafanya kazi iliyobaki. Sisemi ni dhambi, kuna siku mwimbaji anaanzisha juu na huna la kufanya. Lakini kwa mwaka huu wa kwanza jifanye haipo. Ukiizoea mapema, kinanda kitakuambia C huku sikio linasikia E flati, na ule msaada mkubwa uliokuja nao kutoka kwaya utakuwa umeuvuruga mwenyewe. Midundo ya kujipiga yenyewe nayo iache, kwa sababu inakuficha unapoyumba.

Hatua ya 4: Skeli

Skeli ni ngazi ya nota kutoka *do* hadi *do* inayofuata: nota nane, vidole vitano. Siri iko kwenye gumba. Skeli ya C kwa mkono wa kulia ni 1 2 3, gumba linapita chini ya kidole cha 3, halafu 1 2 3 4 5. Wa kushoto ukipanda: 5 4 3 2 1, kidole cha 3 kinavuka juu ya gumba, kisha 3 2 1. Skeli ya G inatumia vidole hivyo hivyo. F inatofautiana kwa mkono wa kulia: 1 2 3 4, kisha 1 2 3 4, kwa sababu kidole cha 4 ndicho kinachofika B flati vizuri. Gumba lianze kusogea mapema, kabla zamu yake haijafika, na kiwiko kisirushwe nje.

Metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, ipo bure kwenye simu. Anza kwa mapigo 60 kwa dakika, nota moja kwa kila pigo. Ukipiga mara tatu mfululizo bila kukosea, panda hadi 64. Ukikosea, shuka. Dakika tano kwa siku zinatosha, skeli si adhabu.

Hatua ya 5: Kodi tatu

Kodi ni nota tatu au zaidi zinazopigwa pamoja. Katika C anza na hizi: C (C-E-G), F (F-A-C) na G (G-B-D). Usiruke ruke kuzifuata. Zipange zikae karibu:

C: C-E-G, mkono wa kulia vidole 1-3-5
F: C-F-A, vidole 1-3-5
G: B-D-G, vidole 1-2-5

Kutoka C kwenda F, nota ya C haihami. Kutoka C kwenda G, ni G isiyohama. Mkono unasogea kidogo tu, kama sauti ya pili na ya tatu zinavyosogea kwenye kwaya. Kwa mkono wa kushoto vidole ni 5-3-1, 5-2-1, 5-3-1.

Kisha imba wimbo rahisi kwa C na ujitafutie kodi. Nota ndefu ikiwa *mi*, jaribu C. Ikiwa *fa* au *la*, jaribu F. Ikiwa *re* au *ti*, jaribu G. *Do* inakaa kwenye C na F, *so* inakaa kwenye C na G. Hapo sikio liamue.

Hatua ya 6: Mikono miwili, sauti mbili

Hapa ndipo watu wazima wengi wanapokata tamaa, na mara nyingi ni kwa sababu wamebebeshwa sauti nne kwa siku moja. Karatasi ya kwaya ina mistari mitano juu na mitano chini. Juu kuna soprano, vijiti vya nota vikielekea juu, na alto, vikielekea chini. Chini kuna tenor, vijiti juu, na besi, vijiti chini. Achana na alto na tenor kabisa. Mkono wa kulia upige soprano, wa kushoto upige besi. Sauti hizo mbili zinatosha kabisa kuubeba wimbo.

Chukua bari mbili tu (bari ni kipande kati ya mistari miwili ya wima), si wimbo mzima. Andika kwa penseli namba za vidole pale ambapo mkono unahama, hasa wa kushoto, kwani besi hupenda kuruka. Halafu fuata mpangilio huu:

1. Piga soprano, huku ukiimba soprano.
2. Piga besi, huku ukiimba besi.
3. Piga soprano, huku ukiimba besi.
4. Piga besi, huku ukiimba soprano.
5. Piga zote mbili, polepole kuliko unavyodhani inahitajika.

Namba 3 na 4 zitakuchosha kichwa. Ndizo zenye kazi. Ukiziweza, namba 5 inakuja karibu yenyewe, maana ubongo umeshazoea kushika mistari miwili na mikono inatekeleza tu. Kisha nenda bari mbili zinazofuata, na uunganishe kwa kurudia nota ya mwisho ya kipande cha kwanza na ya mwanzo ya kinachofuata, pale pale kwenye mshono. Makosa mengi hukaa kwenye mshono.

Anzia pia nyuma: jifunze bari za mwisho kwanza. Ukipiga wimbo utakuwa unaelekea sehemu unayoijua zaidi, badala ya kuanza kwa mbwembwe na kumalizia kwa kubahatisha.

Alto iongeze baadaye, wimbo mmoja kwa wakati, kwa mkono wa kulia. Tenor ije mwisho kabisa.

Hatua ya 7: Ratiba ya mtu mwenye kazi na familia

Dakika 20 kila siku zina faida kuliko saa mbili za Jumamosi. Mimi huzigawa hivi: tano za skeli, kumi za bari mpya, tano za kupiga kitu unachokiweza kwa raha zako. Hizo za mwisho usizikate hata siku ukichelewa. Usiku tumia hedifoni, nyumba ilale. Weka betri akiba kama kinanda chako kinazikubali, maana umeme una saa zake. Na mara moja kwa wiki jirekodi kwa simu: mikono ikiwa kazini sikio hukosa mengi ambayo rekodi italiambia baadaye.

Mwalimu mtafute hata kama ni mara mbili kwa mwezi, kwa ajili ya vidole na mkao, vitu usivyoweza kujiona mwenyewe. Ukitaka mitihani, ile ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ina ngazi ya 1 hadi ya 8 na haina kikomo cha umri. Lakini kupigia kwaya yako hakuhitaji cheti.

Hatua ya 8: Siku ya kwanza na kwaya

Mwombe mwalimu wa kwaya wimbo mmoja, wiki mbili kabla, na uanze kwenye mazoezi, si kwenye ibada. Ukubaliane naye spidi kabla hujakaa. Wanakwaya wakishapandisha mori hawakusubiri. Piga soprano na besi tu. Ukipotea, acha mkono wa kulia na uendelee na besi peke yake mpaka utakapopata pa kuingilia. Waimbaji wana melodi yao mdomoni na hawatakosa chochote, ila besi ikikatika kila mtu atageuka kukutazama.