Birayi (viazi) ya friti, birayi ya mchuzi: namna ya kuchagua hapa Goma

Batu wengi wakifika soko ya Virunga wanauliza bei tu, wanajaza sakoshi, alafu nyumbani friti inakuwa nyeusi inje na laini laini ndani na inanywa mafuta yote, wanasema mafuta ni mabaya. Mara nyingi mafuta haina kosa, ni kiazi. Mbele ya kutoa franka, uliza mama wa soko maulizo tatu: ni aina gani, imetoka wapi, na walichimbua lini. Zote tatu, juu moja peke yake haitoshi.

Kinachotafutwa ni unga ndani ya kiazi. Kiazi chenye unga mingi na maji kidogo ndicho cha friti na pire (viazi vya kuponda), chenye maji mingi kinabaki kizima ndani ya mchuzi. Kwa friti nzuri, ndani ya kilo moja ya viazi vibichi inafaa karibu gramu 200 ao zaidi ikuwe kitu kikavu, hiyo ingine ni maji.

Kwa aina, Kinigi njo inasifiwa sana, ngozi nyekundu, unga mingi, na bei yake kwa kawaida inapita ya zingine. Ila hapa watu wanakoseshwa sana: si kila kiazi chekundu ni Kinigi! Victoria, ile ya Uganda, nayo ni nyekundu, inakomaa haraka, kama miezi tatu hivi, na ukiiweka nyumbani inaanza kuota mbio. Cruza wakulima wanaipenda juu inazaa sana na inavumilia ule ugonjwa wa kunyausha shamba, lakini kwa friti mimi siishauri, ipike na maharagwe, pale iko sawa kabisa.

Sasa kuhusu mahali, na hii watu hawaiangalie vya kutosha. Mchana majani inatengeneza chakula, usiku mmea unakula sehemu ya kile chakula, na usiku ukiwa wa baridi unakula kidogo, basi kinachobaki kinashuka ndani ya kiazi na kuwa unga. Viazi vinajaa vizuri udongo ukiwa kwa digri 15 mpaka 20 hivi. Njo maana vya milima ya Masisi, ao vya Kalehe kule juu upande wa Numbi, kunakopita mita 2.000, vinaweza kushinda vya huku chini karibu na ziwa ambako tuko kwa mita 1.500 hivi, hata kama mbegu ni ile ile. Udongo mweusi wa volkano upande wa Kibumba nao unasaidia sana, ni mwepesi, maji haisimame, kiazi kinanenepa bila kupindika.

Lakini usiseme "ya Kibumba" ukafikiri umemaliza. Huko juu mvua ni mingi na milidiyu, ule ugonjwa wa kuozesha majani, inaua majani mapema, kiazi kinabaki kidogo na maji maji, kwa hiyo Kinigi ya kilima kimoja msimu huu inaweza kuwa tamu sana, msimu ujao ikuvunje moyo. Na kuna wakulima wanachimbua mbele ya wakati juu wanahitaji pesa, tunawaelewa. Pitisha kidole gumba juu ya ngozi ukisugua: ikitoka yote kirahisi, hakijakomaa, kina sukari mingi na ndani ya mafuta kitaungua mbele hakijaiva.

Omba mama akukatie kimoja kikubwa. Ukiona duara ya kahawia na ukifinya inatoka ute mweupe, ni ugonjwa, acha mfuko mzima. Ukikuta shimo katikati, kilikua kwa vipindi, jua kali alafu mvua ya ghafla. Angalia pia madoa meusi chini ya ngozi, hasa mifuko iliyoshuka ikigongwa gongwa juu ya chukudu, ile kinga ya mbao ya kubebea mizigo.

Nyumbani kuna kipimo rahisi. Kikombe 1 cha chumvi ndani ya vikombe 11 vya maji, koroga mpaka chumvi iishe, tia viazi. Vinavyozama vina unga, peleka kwa friti na pire, vinavyoelea peleka kwa mchuzi. Hata ndani ya mfuko mmoja utakuta vya aina zote mbili juu wanachanganyaka sana, basi tenganisha.

Weka pahali pa giza penye hewa. Usiweke ndani ya frigo kabisa, baridi kali inageuza unga kuwa sukari na hata Kinigi nzuri itakutolea friti nyeusi. Vilivyogeuka kijani juu ya mwanga usipatie watoto, ile sumu haitoke kwa kuchemsha.

Na kama umebaki na vya maji tu na wageni wanataka friti, kata nyembamba, loweka ndani ya maji kidogo, pangusa vikauke vizuri, kaanga mara ya kwanza kwa moto mdogo, toa vipoe, alafu ongeza makala na urudishe.