Kufikisha vifurushi vijijini wakati wa masika: mwongozo kutoka milima ya Usambara

Mzigo unaoshushwa kwenye basi pale Mombo, ukitokea Dar es Salaam au Tanga, huwa umekwisha kusafiri zaidi ya kilomita mia moja juu ya lami bila kupata hata mkwaruzo. Lami hiyo hupanda nao hadi Lushoto mjini. Baada ya hapo huanza njia za udongo zinazoelekea vijijini, upande wa Mlalo, Mlola na Mtae, na katika kilomita hizo chache ndipo huamuliwa kama mpokeaji atapata alichoagiza au atapata boksi lililogeuka uji. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayebeba vifurushi katika kipande hicho cha mwisho, kwa pikipiki au kwa gari dogo, kati ya Machi na Mei ambapo masika huwa yamekolea. Anayefanya kazi hiyo Njombe au Makete atafaidika nao pia, ingawa huko mvua zina msimu mmoja mrefu unaoanza mwishoni mwa mwaka.

Vijana wengi wanaoingia katika kazi hii hudhani kwamba inahitaji zaidi ustadi wa kuendesha. Ustadi unahitajika, lakini safari nyingi nilizoziona zikiharibika ziliharibika kabla injini haijawashwa, ama kwa sababu mzigo ulifungwa vibaya, ama kwa sababu aliyepigiwa simu aliulizwa swali lisilofaa.

Kufunga mzigo

Tuanze na maji. Kila mtu hufunika mzigo wake kwa juu, na maduka ya turubai hufanya biashara nzuri kila masika, ilhali maji yanayoharibu vifurushi mengi hutoka chini. Gurudumu la nyuma hurusha tope jepesi kuelekea kwenye keria kwa muda wote wa safari, hata pale mvua inapokuwa imekatika, na turubai lililofungwa vizuri huyakusanya maji hayo na kuyahifadhi chini ya mzigo kama beseni. Mara ya kwanza nilipopeleka madaftari ya shule kwa namna hiyo, yale ya juu yalifika makavu kabisa, na yale ya chini tuliyaanika uani kwa siku mbili mbele ya mwalimu ambaye hakusema neno lolote, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kulaumiwa.

Kwa hiyo mzigo usilale moja kwa moja juu ya keria. Weka vipande viwili au vitatu vya mbao vyenye unene wa vidole viwili, ili maji yapate pa kupita, na hakikisha madigadi ya nyuma ni mazima na yanashuka vya kutosha. Kifurushi chenyewe kivikwe mara tatu. Ndani uwe mfuko mzito wa nailoni usio na tundu, ambao shingo yake imesokotwa, ikakunjwa na kufungwa kwa mpira, kisha mfuko ukageuzwa ili shingo hiyo itazame chini. Mfuko wa pili wa nailoni uufunike ule wa kwanza kwa kuelekea upande wa pili. Nje kabisa liwe salfeti, yaani gunia la nyuzi za plastiki, ambalo kazi yake si kuzuia maji bali kuilinda nailoni isichanwe na kamba, misumari ya keria na miiba. Kabla ya hayo yote, hakikisha boksi ni kavu, kwa kuwa kadibodi iliyonyeshewa stendi na kufungiwa ndani ya nailoni haitakauka kamwe, bali itajitolea jasho njia nzima na kuoza gundi yake. Ikiwa boksi limelowa, litoe vitu na uweke boksi jingine, hata kama mtumaji amelipamba.

Jina la mpokeaji, kijiji na namba ya simu viandikwe mara mbili, mara moja juu ya kifurushi chenyewe na mara nyingine juu ya salfeti, kwa kalamu ya wino usiofutika. Nimekwisha kuona mtu akizunguka na mzigo siku nzima kwa sababu wino wa bluu ulikuwa umebaki kama wingu.

Kwa kufungia, sijaona kinachoshinda vipande virefu vya mpira wa tairi la ndani. Kamba ya katani hulegea ikilowa na kukauka, na kamba ya nailoni huteleza kwenye fundo, wakati mpira huendelea kuubana mzigo hata unapotikisika na kujipanga upya. Vitu vizito viwe chini na karibu na mgongo wa dereva. Mzigo unaozidi nyuma ya ekseli hulifanya gurudumu la mbele liwe jepesi, na gurudumu la mbele likiwa jepesi juu ya utelezi, usukani unabaki pambo tu.

Kuuliza njia

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kila siku pamoja na tahadhari za siku zinazofuata, na ni vyema kuusikiliza redioni au kuusoma jioni kabla ya safari, ukizingatia kwamba neno angalizo lina uzito mdogo kuliko neno tahadhari. Hata hivyo, utabiri huzungumzia mvua itakayonyesha, na hauwezi kukueleza kwamba daraja la magogo karibu na shule limetolewa gogo moja tangu juzi. Hilo utalijua kwa kupiga simu.

Anayepigiwa simu hiyo mara nyingi huwa ni mpokeaji, na yeye ndiye shahidi dhaifu kuliko wote. Anautaka mzigo wake, na ni mtu mwenye adabu, kwa hiyo ukimwuliza barabara ikoje atakujibu kwamba inapitika, njoo tu. Hakudanganyi, kwani kwake yeye anayetembea kwa miguu akiwa amevaa buti, inapitika. Mpigie badala yake mtu asiye na faida yoyote katika safari yako: mwenye duka lililo njia panda, dereva wa Noah aliyeshuka na abiria asubuhi hiyo, au bodaboda wa kijiji cha katikati. Usimwulize maoni, mwulize mambo aliyoyaona. Gari la mwisho kupita lilikuwa gari gani, na lilipita saa ngapi? Lilikuwa linapanda au linashuka? Maji ya pale darajani yamefika kwenye jiwe lipi? Shikamoo na habari za nyumbani zitangulie, bila shaka, na ukipita siku nyingine ununue kitu dukani kwake, kwa sababu taarifa hizo zina thamani kubwa kuliko lita moja ya petroli.

Njia ikiwa imekatika kweli, mjulishe mhusika. Tangu mwaka 2017 barabara nyingi za wilaya na za vijijini zipo chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), wakati barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania), na taarifa yenye picha na jina la mahali hufanyiwa kazi haraka kuliko malalamiko ya jumla.

Panga kuondoka alfajiri. Katika milima hii mvua kubwa huja zaidi alasiri na usiku, na hata kama usiku ilinyesha, ni afadhali kukwama saa tatu asubuhi, watu wakiwa wanakwenda mashambani, kuliko saa kumi na mbili jioni msitu ukiwa umenyamaza.

Udongo si mmoja

Udongo mwekundu wa Usambara huteleza juu lakini mara nyingi ni mgumu chini. Gurudumu halizami, linakimbia. Dawa yake ni mwendo mdogo usiobadilika, gia ndogo, na mikono isiyo na haraka. Katika mteremko weka gia ya kwanza na uiache injini izuie mwendo, usibane klachi, na uiguse breki ya nyuma kwa upole. Breki ya mbele iache kabisa unapokuwa kwenye kona. Miguu iwe tayari kushuka, lakini usiiburuze kwa muda wote kama wafanyavyo wengi, maana mguu ulionasa kwenye jiwe huvunjika.

Udongo mweusi wa mbugani una tabia tofauti kabisa. Ukishuka kutoka milimani kwenda tambarare utakutana nao, na watu wa bonde la Kilombero wanaujua kuliko sisi. Ukilowa hunata kwenye tairi, hujaa kati ya tairi na madigadi, na baada ya mita hamsini gurudumu haligeuki tena. Hapo hakuna ustadi unaosaidia. Beba kijiti cha kuchokolea tope, legeza au ondoa madigadi ya mbele ikiwa pikipiki yako inaruhusu, na kama mvua imenyesha usiku kucha, subiri jua la siku moja nzima. Kupunguza upepo wa tairi husaidia kidogo katika tope, lakini upunguze kwa kiasi, kwani tairi lenye mpira wa ndani likilegea sana huzunguka juu ya rimu na kukata vali, na utakuwa umebadilisha tatizo dogo kwa kubwa.

Mahali ambapo malori ya Fuso yamechimba mifereji miwili mirefu, chagua mapema kama utapita ndani ya mfereji au juu ya tuta, kisha ushikilie uamuzi huo. Anayeanguka ni yule anayebadili mawazo katikati na kujaribu kutoka kwa pembe ndogo, gurudumu la mbele likipanda na la nyuma likikataa.

Kuna kanuni moja ya milimani ambayo madereva wageni huikosea. Njia inapokuwa na ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, wao huukimbia mtaro ulio chini ya ukuta na kusogea ukingoni, ambako panaonekana pakavu. Ukingo huo huenda umeliwa na maji kwa chini, na unaonekana mzima kwa sababu ya mizizi ya majani tu. Kaa upande wa mlima. Ukiteleza na kuingia mtaroni utachafuka na kucheka baadaye, lakini bondeni hakuna anayerudi kusimulia kwa urahisi. Ukungu ukishuka, kama unavyofanya mara nyingi pale msitu wa Magamba, washa taa zenye mwanga mdogo, piga honi kabla ya kila kona, na usimame kabisa ikiwa huoni urefu wa nguzo mbili za umeme mbele yako.

Maji yaliyokatiza njia

Vijito vya milimani hupanda haraka na kushuka haraka, na uvumilivu wa saa moja au mbili hutatua zaidi ya nusu ya matatizo yake. Ukifika na kukuta maji yamepita juu ya njia, zima injini, kata kijiti na ukichomeke pale maji yanapoishia. Baada ya dakika kumi na tano kitazame. Kama maji yamekipita, geuza bila kujadiliana na mtu. Kama yameshuka, endelea kungoja, kisha ingia kwa miguu ukiwa na mti wa kupimia kina, ukitafuta mashimo na mawe yaliyohama. Kwa pikipiki yenye mzigo, maji yanayokwenda kasi na kufika magotini ni mengi mno. Hata gari dogo linaweza kusukumwa na maji ya sentimita 30 yakiwa na nguvu, na dereva huligundua hilo akiwa tayari katikati.

Kijito kikipungua ghafla huku mvua ikiendelea kunyesha, au kikibadilika rangi na kuleta matawi mabichi, usifurahi. Huenda udongo umeporomoka juu na kuyaziba maji kwa muda. Ondoka bondeni mara moja na upande mahali pa juu. Waliouona mji wa Katesh mwezi Desemba 2023, baada ya tope na mawe kuteremka kutoka Mlima Hanang, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Ukikwama na gari, vijana watajitokeza kusukuma, wakati mwingine kwa haraka inayokufanya ujiulize walikuwa wapi. Kubalianeni malipo kabla mkono haujagusa gari, umpe fedha mmoja wao mbele ya wenzake, na usianze kubishana gari likiwa nusu limetoka.

Kukabidhi na malipo

Bei ya masika isemwe wazi ili mtumaji aijue tangu stendi, pamoja na jibu la swali ambalo wengi hulikwepa: safari ikirudi njiani, nani analipa? Mimi huomba nusu ya nauli nikigeuza, na humwambia mteja waziwazi kwamba asiyenilipa kwa kurudi ananishawishi nivuke mto nisiopaswa kuuvuka. Wengi hukubali.

Mpokeaji akiwa ng'ambo ya mahali pasipopitika, tafuteni duka au zahanati ya karibu mnayoiamini nyote wawili, umpigie, akutumie ujumbe wa maandishi unaotaja jina la atakayepokea, na upige picha ya kifurushi kikiwa mikononi mwa mtu huyo. Malipo yapite kwenye simu, si noti mfukoni. Salfeti lifunguliwe chini ya paa, mpokeaji akitazama, na kama kuna kilicholowa lisemwe hapo hapo.

Ukirudi nyumbani, osha breki na cheni kabla tope halijakauka, tia oili, kisha chukua daftari. Andika tarehe, mahali ulipokwama, jiwe ambalo maji yalikuwa yamefika, na muda yaliochukua kushuka. La kwangu lina ukurasa mmoja kwa kila kijito, na nikimpigia mwenye duka akaniambia maji yapo kwenye jiwe la pili, huufungua ukurasa huo kwanza ndipo nitafute kofia ngumu.