Kabla hujatoa hela ya mitambo ya sinema na mziki nyumbani, soma hapa kwanza

Kwanza kabisa amua hicho chumba ni cha nini. Najua utasema vyote, muvi na mziki, na ndo wengi tunavyotaka, lakini lazima kimoja kiwe namba moja maana hela itagawanyika tu, na pale utakapoibana ndo patakapokukera kila siku. Kama wewe ni mtu wa mziki, hela nyingi iende kwenye spika mbili za mbele na amplifaya yake, za pembeni na za darini zisubiri mwakani. Kama ni mtu wa muvi usiibanie spika ya katikati, kwa sababu maongezi karibu yote yanatokea pale, ukiweka kaspika ka bei chee katikati ya majitu mawili utakuwa umeshika rimoti muvi nzima, wakiongea unaongeza, wakianza kupigana risasi unapunguza.

Afu chumba chenyewe. Nyumba zetu Dar ni bloku, plasta, marumaru chini, madirisha ya alumini yenye vioo vikubwa. Simama katikati ya chumba kikiwa kitupu upige kofi moja. Ukisikia mlio unabaki hewani unazunguka ujue hata ulete spika za bei ya kiwanja zitalia hivyohivyo. Kapeti nene, mapazia mazito mpaka chini, sofa za kitambaa badala ya ngozi, hivyo vitu vinatuliza sauti za juu. Besi ni habari nyingine, pazia haliigusi. Chukua 343, hiyo ndo spidi ya sauti, mita kwa sekunde, ugawanye kwa urefu wa chumba uliozidishwa kwa mbili. Chumba cha mita 4 kinakupa kama Hz 43 (Hz ni mitetemo kwa sekunde, namba ndogo ndo besi nzito), cha mita 5 kama Hz 34, na kwenye hizo namba besi itajazana ukutani na kwenye kona, afu katikati ya chumba itapotea. Sasa chumba kikiwa mraba, 4 kwa 4, urefu na upana vyote vinagonga palepale na besi inakuwa ya kuvuma tu, kila wimbo besi moja. Kwa hiyo kama bado unajenga, mwambie fundi asikupe mraba, na kama umeshajenga basi kona ndo pa kushughulikia, weka pamba ya mawe nene, sentimita 10 kwenda juu, kwenye fremu ya mbao ufunike na kitambaa kinachopitisha hewa. Zile trei za mayai watu wanazobandika ukutani achana nazo, hazizuii besi, hazizuii sauti kwenda kwa jirani, na zikishika moto zinawaka haraka mno.

Dari la jipsam nalo likague kabla. Sabufa ikishuka chini kabisa utasikia taa za darini zinacheza kwenye matundu yake, na ukishazisikia mara moja huwezi kuacha kuzisikia.

Upangaji usiumize kichwa. Ukikaa kwenye kiti chako, spika ya kushoto na ya kulia kila moja iwe kama digrii 30 kutoka katikati, za pembeni ziwe kama digrii 110, kidogo nyuma ya masikio, na kiti kisigande ukuta wa nyuma. Ukiweza kuvuta sofa mbele hata mita moja, fanya hivyo.

Kwenye spika zenyewe watu wanaangalia wati tu. Angalia dB, ile namba inayosema spika inatoa sauti kiasi gani ikipewa wati 1 ukiwa mita 1. Kila dB 3 ni sawa na wati mara mbili, kwa hiyo spika ya dB 90 na ya dB 84 zinatofautiana mara nne, pale moja inapoomba wati 50 nyingine inataka 200. Na ukiona imeandikwa ohm 4, yaani ukinzani wa spika uko chini na inavuta umeme mwingi, hakikisha amplifaya imeruhusiwa ohm 4, risiva nyingi (zile mashine za muvi zinazopokea picha na sauti na kuendesha spika zote) zinachemka hapo. Nenda dukani na mziki wako mwenyewe unaoujua nje ndani. Mimi nabeba dansi la zamani, nasikiliza kama gitaa la solo na la ridhimu yanakaa sehemu mbili tofauti au yamegandana, na kama tumba ina ngozi au ni dum dum tu. Zile diski za dukani zimechaguliwa ili kila kitu kisikike kizuri, zisikudanganye.

Kwa anayetaka vyote viwili chumba kimoja, kuna kitu muhimu wauzaji wengi hawakuambii. Risiva ya AV iwe na matundu ya kutolea sauti kwenda amplifaya nyingine, na amplifaya yako ya mziki iwe na ingizo la kupitisha tu, lile lisilotumia kitasa chake cha sauti. Hapo ukiangalia muvi risiva inaendesha kila kitu na spika za mbele zinapitia kwenye amplifaya nzuri, ukitaka mziki unazima risiva kabisa, unabaki na amplifaya na spika mbili. Bila hicho kitu utakuwa unachomoa na kuchomeka waya kila siku na siku moja utagusanisha nyaya za spika uunguze.

Picha nitapita haraka. Chumba chenye mwanga mchana, nunua TV kubwa. Chumba cha giza, projekta, pima kwanza umbali kutoka lenzi mpaka skrini, usinunue kwa picha ya mtandaoni. Waya wa HDMI wa kawaida ukizidi mita 5 hadi 7 kwa picha ya 4K huanza kusumbua, kwa hiyo mwendo mrefu chukua ule wa faiba na upitishe bomba ukutani kabla ya plasta, bomba nene, lenye uzi ndani wa kuvutia waya mwingine baadaye. Intaneti Netflix wenyewe wanataka Mbps 15 kwa 4K. Ila ujue sauti ya Atmos, ile ya muvi inayotumia mpaka spika za darini, ikija kwa intaneti imebanwa, ya kwenye diski ya Blu-ray haijapoteza kitu, na kwenye mitambo ya bei kubwa tofauti unaisikia.

Sasa umeme. Hapa naomba unisikilize hata kama hayo mengine umeyaruka.

Sisi tukisikia shida ya umeme tunawaza mgawo, na kweli tangu bwawa la Nyerere kule Rufiji lianze kuzalisha mwaka 2024, lenye uwezo wa megawati 2,115, mgawo umepungua. Lakini giza haliunguzi amplifaya. Kinachounguza ni volti kupanda.

Jamaa yangu mmoja Mbezi Beach alijenga chumba cha maana. Alinunua taratibu, mwaka huu spika, mwaka ujao sabufa mbili, projekta akaagiza, yaani mtu aliyejinyima kweli. Nyumba ina fezi tatu kwa sababu ya AC na pampu ya maji. Fundi aliyefunga meni swichi hakukaza vizuri skrubu ya nyutro, ule waya wa kurudisha umeme. Skrubu moja tu. Ikakaa hivyo muda mrefu, inapata moto, inalegea, inapata moto zaidi, mpaka jioni moja ya masika watu wako sebuleni wanaangalia mpira, taa za upande wa jikoni zikafifia na za sebuleni zikawaka kupita kiasi, feni ikaanza kukimbia, na kabla mtu hajaufikia ukuta wenye meni swichi harufu ya plastiki inaungua ilishatoka chumba cha sinema. Kule hakukuwa na mtu. Kila kitu kilikuwa kimezimwa.

Kimezimwa kwa rimoti lakini, ndo shida ilipo. Kataa kekundu kanawaka maana yake kifaa bado kiko kwenye umeme. Vyote vilivyokuwa stendibai vilikwenda: risiva, sabufa zote mbili, projekta, mpaka king'amuzi. Amplifaya ya mziki, ya kizamani, yenye swichi ya mbele ya kubonyeza inayokata umeme kabisa, ilipona, na ilikuwa kwenye eksitensheni hiyohiyo moja. Nilikuwepo wakati fundi wa mitambo anafungua sabufa ya kwanza. Kapasita kubwa mbili zimevimba kichwani, na kale kadude ka bluu ka duara kanakokinga volti kamekuwa keusi kamepasuka katikati. Fyuzi ya ampea 13 kwenye plagi nzima kabisa! Maana fyuzi inalinda ampea, haijui kitu kuhusu volti. Na stabilaiza alikuwa nayo, ile ya bei ya kawaida, imeandikwa kabisa kwamba inapokea mpaka volti 260. Nyutro ikiachia kwenye fezi tatu, soketi ya 230 inaweza kusogea kuelekea 400. Stabilaiza ndo iliungua ya kwanza.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata spika moja, mwite fundi umeme mwenye leseni afungue meni swichi, akaze kila skrubu, nyutro kwanza, na iwe kazi ya kila mwaka. Mwambie afunge kwenye bodi kile kifaa cha kukata volti ikizidi au ikipungua, kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha, ni kadogo na bei yake ukilinganisha na sabufa moja ni ya kununulia soda. Chumba kipate laini yake kutoka kwenye bodi, na mitambo yote ikae fezi moja, usichukue soketi ya ukuta huu fezi hii na ya ukuta ule fezi nyingine, kwa sababu ni hatari na pia utapata ule mvumo wa mmm kwenye spika usiojua unatoka wapi. Ethi ipimwe kwa mashine, usikubali kuoneshwa tu fimbo ya shaba imechomoza ardhini. Stabilaiza chukua ya servo, yaani ya mota, inayokata ikishindwa. Na ukimaliza kuangalia zima ukutani, watoto na dada wa nyumbani nao wafundishwe hivyo hivyo. Radi zikianza, chomoa na waya wa dishi, maana huo nao unaleta umeme mpaka kwenye HDMI.

Hapohapo kwenye umeme, geuza kila kifaa usome nyuma kabla ya kulipa. Kikiandikwa 220-240V 50Hz ni chetu. Cha Marekani ni 120V 60Hz, cha Japani 100V, na bei yake ya kuvutia mtandaoni ndo inatokana na hapo. Transfoma ya kushusha inashusha volti tu, haibadilishi Hz, na kifaa kilichotengenezwa kwa 60 peke yake kinapata moto kwenye 50 yetu. Vya Dubai kwenye volti havina tabu. Ukiagiza mwenyewe kumbuka ushuru, na VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya bei, usafiri, bima na huo ushuru vyote kwa pamoja.

Hali ya hewa yetu nayo ni adui. Spika zenye ukingo wa sponji zinaoza na kumomonyoka, chagua ukingo wa mpira. Lenzi ya projekta inaota ukungu kwenye chumba kilichofungwa wiki nzima, washa AC mara kwa mara hata kama huangalii kitu. Walio karibu na bahari, Kigamboni, Kunduchi, Masaki, vichwa vya nyaya vinaota kijani, vikague na kuvisafisha. Na mijusi, jamani, mijusi wanapenda joto la amplifaya, wanaingia kwenye matundu ya juu wanakufa kwenye saketi na kushotisha. Weka wavu mwembamba nyuma ya kabati, ila usizibe hewa, juu ya risiva paachwe wazi kama sentimita 10 au zaidi.

Jirani usimsahau. Besi inapita ukutani na ardhini, saa 5 usiku mtoto wa jirani ana mtihani kesho, na NEMC, wale wa baraza la mazingira, malalamiko ya kelele wanayashughulikia. Mlango mzito wenye mpira pembeni unasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Mengine ya kawaida. Risiti yenye namba ya kifaa, warantii inayotambulika hapa nchini sio ya Ulaya tu, uliza spea na fundi kabla ya kulipa, usikubali kifaa kilichofunguliwa boksi bila kukijaribu palepale dukani. Watoto wadogo wanapenda kubonyeza kaspika ka sauti za juu kwa kidole, nunua zenye wavu. Maboksi usiyatupe nje ya geti siku ya takataka, unatangaza kwa mtaa mzima kilichomo ndani, na utayahitaji siku kifaa kikienda kwa fundi. Yatunze stoo, juu ya mbao, mbali na ukuta, mchwa wakiyaingia hawaachi kitu.