Kukagua ramani ya Minecraft kabla ya kuifungulia watu: mfano wa Mji wa Kale

Ramani nyingi za Minecraft, mchezo wa kujenga dunia kwa bloki, zinazojengwa na vikundi vya mtaani hukaguliwa kutoka angani. Mkaguzi anaingia peke yake, anapaa juu ya mapaa dakika kumi, anasema "kali sana", basi. Kutoka juu hata ramani mbovu hupendeza. Makosa yanayowakimbiza wachezaji yako chini vichochoroni, na mengine hayajitokezi mpaka wawe watu wanne ndani kwa pamoja. Kwa hivyo hii ni kazi ya miguu, na ni kazi ya watu kadhaa.

Mfano wetu ni ramani ya Mji wa Kale, Mombasa, bloki moja kwa mita moja: Fort Jesus, Ndia Kuu na vichochoro vyake, kisha njia ya kwenda kivuko cha Likoni. Maelezo ni ya Minecraft ya Java, ile ya kompyuta. Pale ambapo Bedrock ya simu inatofautiana sana, tutasema.

Faili kabla ya mchezo

Ramani ya Java huja kama zip. Ifungue utazame ndani: lazima kuwe na level.dat na folda ya region yenye mafaili ya .mca. Pengine kuna folda ya datapacks na resources.zip, hiyo ni sawa. Ya Bedrock huja kama .mcworld, nayo ni zip tu iliyobadilishwa jina. Ukikuta .exe, au .jar inayodaiwa kuwa ndiyo ramani, usiibofye. Ramani ni data, haihitaji programu ya kuifungua.

Uliza ilijengwa kwa toleo gani, ukaguzi ufanyike kwa toleo hilohilo. Dunia ikifunguliwa na toleo jipya hugeuzwa, na kuirudisha nyuma si salama. Basi toa nakala mbili: moja ya kuchezea, nyingine usiiguse kabisa. Na kama ramani imehamishwa kutoka Java kwenda Bedrock kwa programu ya kugeuza, anza na shaka. Majengo huvuka salama, lakini mitambo ya redstone (umeme wa ndani ya mchezo) na bloki za amri (zinazotekeleza amri iliyoandikwa ndani yake) mara nyingi hufia njiani, kwa kuwa kanuni za pande hizo mbili si zilezile.

Ingia kama mgeni, si kama fundi

Ukiifungua ramani kwenye kompyuta yako bila seva, mara nyingi utatokea pale fundi aliyeijenga aliposimama mara ya mwisho, na pengine na mali yake yote mfukoni. Hapo hukagui anachokiona mgeni. Iweke kwenye seva, futa folda ya playerdata katika nakala ya kuchezea, uingie ukiwa mchezaji wa kawaida asiye op, yaani asiye na mamlaka ya msimamizi wa seva.

Hilo la op ndilo linalowaponyoka mafundi wengi. Katika faili la server.properties kuna mstari wa spawn-protection, na thamani yake ya kawaida ni 16. Maana yake ni kwamba bloki 16 kila upande wa mahali pa kuanzia, yaani mraba wa 33 kwa 33, asiye op haruhusiwi kuvunja wala kuweka kitu, na hata kubonyeza kitufe au kufungua mlango hawezi. Sasa tuseme wachezaji wanaanzia mbele ya lango la Fort Jesus na lango linafunguliwa kwa kitufe. Fundi ni op: anabonyeza, lango linafunguka, roho yake kwatu. Mgeni anabonyeza mpaka kidole kinauma. Fundi akiambiwa "lango halifunguki" anajaribu tena, linafunguka, anaona mnamzulia. Dawa ni kuandika spawn-protection=0, au kusogeza kitufe nje ya mraba. Ukiandika ripoti taja wazi kwamba ulijaribu bila op, la sivyo mtabishana hadi magharibi.

Tazama pia wageni wanatua wapi. Seva ya hali ya survival huwatawanya kuzunguka mahali pa kuanzia, kwa kawaida hadi bloki 10. Uwanjani hiyo haidhuru. Mji wa Kale, ambako kichochoro kina upana wa bloki mbili tatu, mmoja atatua juu ya paa, mwingine kwenye ua uliofungwa pande zote. Jaribu kwa akaunti nne tano mpya. Kanuni ya mchezo iitwayo spawnRadius (katika matoleo mapya respawn_radius) ikiwekwa 0, kutawanyika kunakwisha.

Bloki za amri zikikaa kimya kwenye seva ilhali nyumbani zilifanya kazi, usimlaumu fundi bado. Katika matoleo mengi enable-command-block huanza ikiwa false, na ni wewe mwenye seva unayepaswa kuiwasha.

Anguka kila mahali

Kagua kwa hali ile watakayochezea watu. Kama ni adventure, ambapo huwezi kuvunja bloki, basi kila shimo ni jela. Mchezaji huruka bloki moja na robo tu. Ukuta wa bloki mbili unamzuia kabisa. Fort Jesus ina handaki, kisima na matangi ya maji, na fundi mwenye bidii atakuwa ameyajenga yote. Jitose katika kila moja makusudi. Ukikosa ngazi wala njia ya kutokea, andika namba za mahali hapo: X, Y na Z.

Kisha panda juu ya kuta ujiangushe. Maumivu huanza baada ya bloki tatu, kila bloki inayozidi ni nusu ya moyo. Ukuta wa bloki 15 unakuondolea mioyo sita kati ya kumi. Kuanzia bloki 23, mwenye afya kamili asiye na vazi lenye uchawi wa kukinga anakufa. Hilo pekee si kosa. Kosa ni kufa halafu ukarudishwa mwanzo kabisa wa ramani baada ya nusu saa ya kutembea. Angalia kama fundi ameweka sehemu za kufufukia njiani.

Njia ndefu ipime kwa saa. Mwendo wa kawaida ni kama bloki 4.3 kwa sekunde, kwa hivyo kilomita mbili ni karibu dakika nane za mguu. Toka Fort Jesus kwenda Likoni ni zaidi ya hapo. Ikiwa katikati hakuna kitu ila nyasi, sema.

Feri inayoacha abiria

Hapa ndipo panapohitaji watu. Wachezaji wanne wanapanda feri, mmoja anabonyeza kitufe, na anayevuka ni mmoja peke yake. Watatu wamebaki wanatazamana majini. Ukiifungua bloki ya amri utakuta kitu kama hiki:

tp @p 210 64 -480

Alama ya @p humchagua mchezaji mmoja tu, aliye karibu zaidi na bloki. Fundi aliijaribu peke yake, kwa hiyo kila mara "aliye karibu" alikuwa yeye. Kinachotakiwa ni tp @a[distance=..6], yaani wote walio ndani ya bloki sita; kwa Bedrock huandikwa @a[r=6]. Msiridhike hapo. Vukeni tena mmoja akiwa amesimama ukingoni kabisa. Vukeni mwingine akiwa amekata mtandao katikati ya safari, arudi: je, amefungiwa ndani ya feri tupu? Na ng'ambo ya pili pawe na sakafu pana, maana simu dhaifu huchelewa kuonyesha ardhi, na mtu huhangaika gizani sekunde kadhaa.

Kosa la ndugu yake ni ufunguo mmoja kwenye sanduku moja. Wa kwanza anauchukua, bando linamwishia, anatoka nao. Waliobaki hawana mchezo tena. Kila kitu kinachoweza kuchukuliwa, jaribu kukichukua na kuondoka nacho.

Mitambo ya mbali nayo ina kikomo chake. Seva huendesha mitambo iliyo ndani ya umbali uliowekwa kutoka kwa mchezaji. Thamani ya kawaida ya simulation-distance ni chanki 10, na chanki moja ni bloki 16, jumla 160. Swichi ya ngomeni inayowasha taa za Likoni kwa waya wa redstone haitafika ikiwa hakuna mtu njiani. Mmoja akae kwenye swichi, mwingine kwenye taa, na msipeane ripoti kwa kubahatisha.

Usiku, na mambo ya kukwama

Mafundi wengi hujenga katika hali ya peaceful, isiyo na maadui, kwa hiyo hawajawahi kuona zombi katika mji wao. Weka ugumu utakaotumika, subiri usiku, pita vyumbani. Tangu toleo la 1.18 la mwaka 2021 mazimwi ya usiku huzuka penye kiwango 0 cha mwanga wa bloki (yaani wa mienge na taa) pekee. Kabla ya hapo ilikuwa 7 kushuka chini, ndiyo maana ramani ya zamani iliyojaa mienge kupita kiasi si uzembe. Kitufe cha F3 kitakuonyesha kiwango cha mwanga uliposimama.

Mchezo ukikwama, kwanza jua kinachokwama. Picha ikirukaruka lakini milango inafunguka papo hapo, ni kifaa chako. Bloki uliyoivunja ikirudi, au zombi akitembea mahali pamoja, ni seva au mtandao. Seva hupiga hatua 20 kwa sekunde, kila hatua ina milisekunde 50, andika /tick query (kuanzia 1.20.3) uone inatumia ngapi. Ikipita 50, tafuta soko. Marikiti ya kwenye ramani, yenye fremu za vitu mia mbili zikijifanya mafungu ya nyanya na maboga, pamoja na wanakijiji waliosongamana, ndiyo mara nyingi inayolemea.

Umbali wa seva ni habari nyingine. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zinaingia nchini hapahapa Mombasa, lakini seva ikiwa Frankfurt, kila kubofya kunakwenda Ulaya na kurudi. Mtego unaompa mchezaji nusu sekunde ya kukwepa hauchezeki hivyo. Mwombe fundi aongeze muda.

Je, ni Mombasa?

Ramani inayojiita Mji wa Kale ina deni kwa wenyeji. Anza na dira: katika mchezo X ikiongezeka unaelekea mashariki, Z ikipungua unaelekea kaskazini, na jua hutokea mashariki. Mji wa Kale uko upande wa mashariki wa kisiwa, kwa hiyo asubuhi jua lichomoze upande wa maji. Likichomoza upande wa katikati ya kisiwa, ramani imegeuzwa.

Msikitini kuna kipimo kikali zaidi. Makkah iko karibu kaskazini kabisa ya Mombasa, tofauti ya longitudo haifiki hata digrii moja. Mihrabu ya Mandhry, au ya msikiti wowote wa mji huu, ielekee Z inayopungua. Ikielekea kwingine, hilo si pambo la kupuuza. Na masanduku ya silaha yasiwekwe ndani ya msikiti wala makaburini. Hapo sisi hatuna mjadala.

Baada ya hayo tazama vibaraza mbele ya nyumba, roshani za mbao, milango ya nakshi. Usidai nakshi kamili, bloki ya mita moja haina uwezo huo. Lakini nyumba zote kuwa na mlango mmoja ulionakiliwa mara arobaini, hilo lionyeshe.

Soma vibao vyote. Kibao kina mistari minne mifupi, na maneno yetu marefu hukatwa ovyo: "Tafadhali msikan" na sentensi imeishia hapo. Kuanzia 1.20, kwa hali ya survival, mgeni yeyote anaweza kubadilisha maandishi ya kibao kisichopakwa nta ya sega. Kiache bila nta uone "Karibuni Mombasa" itasomekaje kufikia Ijumaa.

Ripoti

Kosa lisilo na mahali halirekebishiki. Andika hivi:

"Java 1.20.4, adventure, si op, wachezaji 4. Feri ya Likoni, X 188 Y 64 Z -455. Tulisimama wote juu ya feri, mmoja akabonyeza kitufe. Tulitarajia kuvuka wote, akavuka mmoja. Tumejaribu mara 5, mara 5 vilevile. Picha mbili zimeambatishwa."

Picha hupigwa kwa F2. Washa F3 kwanza ili namba zionekane ndani yake. Makosa yanayosimamisha mchezo yatangulie, ya pambo yaje mwisho. Fundi akipokea orodha ya arobaini iliyoanza na rangi ya mapazia, ataacha kuisoma kabla ya kufika kwenye feri. Usirekebishe mwenyewe kimyakimya ndani ya nakala yako, kwa kuwa toleo lake litakuja tena na kosa lilelile.

Uliza pia kama kuna mpaka. Bila /worldborder mtu atatembea hadi nje ya kisiwa, mchezo utengeneze ardhi mpya isiyo na mwisho, na faili lifure mpaka anayepakua kwa bando akate tamaa. Namba ya amri hiyo ni upana mzima, si nusu yake: /worldborder set 3000 inaacha 1500 kila upande kutoka katikati.

Likija toleo lililorekebishwa, pakua upya na anza na nakala safi, playerdata ikiwa imefutwa. Rudieni yaliyoandikwa kwenye ripoti moja moja, kisha pandeni feri tena, wote wanne.