Chaki, mita 4 na mwendo wa mzee

Babu yangu, hapa Langoni, Lamu, hakusema anaumwa. Kanzu ndiyo iliyoanza kumpwaya. Ulikuwa udhaifu wa uzeeni, na siku hizi nyumbani naupima hivi: nachora alama 2 za chaki sakafuni, mita 4 kati yake. Mzee atembee mwendo wake wa kawaida, na bakora yake aishike. Usimharakishe! Zikizidi sekunde 5, nashtuka. Mambo mengine manne ya udhaifu huo: kupungua kilo 4 na nusu kwa mwaka bila kukusudia, uchovu, mkono kukosa nguvu, kushinda amekaa. Yakitimia 3 kati ya 5, hatari ya kuanguka na kufa imepanda. Mpeleke kwa daktari. Wanawake ndio hudhoofika zaidi, lakini mwanamume dhaifu kiasi hichohicho huwahi kufa. Bibi nampikia samaki na kunde, na ngazi anapanda, mimi nyuma yake.